Chumba cha Kupanga Kigamboni kwa Kijana wa Daudi

Kijana wa Daudi, kule Mbulu, aliyechaguliwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kile cha Kivukoni kilichopo Kigamboni na kilichoanza mwaka 1961, akikosa nafasi hosteli huuliza jambo moja tu: kodi ni kiasi gani? Aulize kwanza maji, umeme na nauli. Hivyo vitatu ndivyo vinavyomaliza boom, ile fedha ya kujikimu, mapema, hata kama kodi ilikuwa rahisi.

Basi la kutoka Mbulu likifika stendi ya Magufuli pale Mbezi, mara nyingi giza limeshaingia. Usitafute chumba usiku huo. Panga mapema pa kulala siku za mwanzo, kwa ndugu au kwa mwanafunzi mwenzako wa Manyara aliyetangulia, na ufike wiki moja au mbili kabla ya chuo kufunguliwa. Wanafunzi wote wakishajaa, dalali ndiye anayepanga bei.

Chumba kitazame saa nane mchana, jua likiwa kali. Sisi tuliokulia kwenye baridi ya Mbulu hatuna mazoea ya kuuliza upepo unaingilia wapi, lakini Kigamboni mwezi wa Januari, chumba chenye bati bila dari na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani hakisomeki wala hakilaliki. Weka kiganja ukutani. Ukiwa wa moto saa hiyo, utakuwa bado una joto unapopanda kitandani. Dirisha liwe na nyavu, maana mbu wa pwani hawana msimu wa kupumzika.

Kisha omba maji ya kisima kwenye kikombe uyaonje. Visima vingi vya Kigamboni, hasa karibu na ufuko, vina chumvi: sabuni haitoi povu, chai haina ladha, na masufuria hupata utando mweupe. Kama ni ya chumvi, maana yake maji ya kunywa na kupikia utanunua kwa ndoo kila siku, na hesabu hiyo iingie kwenye kodi. Kama mwenye nyumba anasema kuna bomba la DAWASA, muulize mpangaji, siyo yeye, linatoka siku ngapi kwa wiki.

Umeme ndio wenye mtego. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mita moja ikihudumia vyumba sita, uniti hizo zinapitwa haraka na bei inafika karibu mara tatu. Wewe mwenye taa, simu na kompyuta ndogo utachangia sawa na mwenye friji na pasi. Tafuta chumba chenye mita yake au mita ndogo ya kusoma matumizi. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema namna ya kukurudishia.

Kuhusu umbali, ushauri wangu ni Kigamboni yenyewe, upande wa chuo. Chumba cha bei nafuu ng'ambo kitakutia kwenye foleni ya pantoni asubuhi ya mtihani. Kutoka Tungi na maeneo ya kuzunguka Feri unaweza kutembea kwa miguu au kupanda bajaji kwa safari fupi. Ukienda Kibada, piga hesabu ya nauli ya mwezi mzima.

Madalali wengi hudai ada sawa na kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Omba mitatu. Kwa mwanafunzi, wapo wanaokubali wakiombwa kwa adabu. Mkataba uwe wa maandishi, nakala mbili, na upitie ofisi ya serikali ya mtaa. Huko ndiko utajua kama anayepokea fedha kweli ndiye mwenye nyumba.

Nanyi wazazi mlioko Daudi, msitume kodi kwenye simu ya dalali kwa sababu ya picha. Subirini mtoto aingie chumbani, aongee na wapangaji, apate namba ya mwenyekiti wa mtaa, ndipo mtume.