Dondoo muhimu: Kabla ya kuomba uzamili wa ujasiriamali
Usivutwe na jina la chuo. Kagua kwanza mtaala unamtaka mwanafunzi atende nini. Utafiti wa Togo uliohusisha wafanyabiashara wadogo 1,500 na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mafunzo ya kujituma na kusaka fursa yalipandisha faida kwa asilimia 30, ilhali yale ya kawaida, ya hesabu na masoko, yaliishia asilimia 11, tena bila uhakika wa kitakwimu. Utasema wale hawakuwa wasomi wa uzamili. Kweli, na hesabu hazikwepeki: benki haikopeshi ari. Lakini msomi naye, hata awe na mahesabu safi, bado atalazimika kumwendea mteja. Basi uliza kama tasnifu inaweza kuwa mradi wenye wateja halisi, na kama msimamizi amewahi kuendesha biashara.