Kuupima Msitu wa Kilimanjaro kwa Miguu na kwa Ndege

Mtu apandaye kutoka Mwika kuelekea mlimani hupita kwanza katika vihamba: juu mringaringa na mruka, chini yake migomba, na chini ya migomba kahawa. Akiisha kuvuka ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wenyeji, huingia katika msitu wa asili. Kwa mwenye kutembea, tofauti haihitaji kuelezwa. Kwa mwenye kutazama kutoka angani, vyote viwili ni majani mabichi yaliyofunika ardhi, na picha yaweza kumhadaa akahesabu kihamba kuwa msitu.

Kosa hilo si dogo. Upande wa kusini wa mlima, mvua iliyo kubwa kuliko zote hunyesha karibu na mwinuko wa mita 2,200, yaani ndani ya msitu wenyewe. Mito na mifongo inayonywesha vihamba hutoka huko. Anayetaka kujua kama msitu unapungua hana budi kuujua mpaka wake kwa hakika.

Njia ya zamani ni kupima ardhini. Watafiti hutenga kiwanja cha mita 50 kwa 50, kisha hupima kipenyo cha kila shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini, na kuandika aina ya mti. Kwa kipenyo, urefu na msongamano wa mbao hukadiriwa uzito mkavu wa mti. Kazi hii ni sahihi lakini ni ya polepole mno: viwanja 60 vya namna hiyo ni hekta 15 tu, na msitu wa Kilimanjaro una takriban hekta 100,000.

Ndege huziba pengo hilo. Chombo kilichofungwa chini yake hurusha miale ya leza na kupima muda unaopita hadi mwale urudi. Ndege ikiwa mita 600 juu ya ardhi, mwale huenda na kurudi kwa sehemu nne za milioni za sekunde. Mwale uliogonga kilele cha mti hutangulia kurudi. Uliopenya hadi ardhini huchelewa kidogo. Tofauti ya nyakati hizo ndiyo urefu wa mti. Penye makorongo, hata hivyo, uangalifu huhitajika, kwani mti ulioinama juu ya bonde huonekana mrefu kuliko ulivyo. Vipimo vya leza kutoka angani vilikwisha kutumiwa Kilimanjaro pamoja na vya viwanjani, na viwanja ndivyo vinavyoonyesha urefu fulani una maana ya uzito gani.

Macho ya binadamu angani nayo yana faida yake. Mwaka 2001 mlima ulikaguliwa kwa ndege, na taarifa ikatolewa mwaka 2002 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Chini ya mita 2,500 ilionekana miti mingi ya asili iliyokatwa kwa siri, hasa mkulo, unaopendwa kwa mbao zake. Juu ya hapo adui mkubwa alikuwa moto. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa.

Lakini tundu linaloonekana kutoka angani halisemi limetokana na nini. Huenda ni upepo, huenda ni msumeno. Mtu akifika ataona kisiki na shimo la wapasua mbao, au mti uliong'oka na mizizi yake. Ataona pia kama machipukizi ya mkulo yanatoka mizizini au kama mahali pake pamechukuliwa na miti mingine iotayo haraka. Kwa sababu hiyo kila shina kiwanjani hutiwa alama ya rangi, ili atakayerudi baada ya miaka mitano apime pale pale, naye rubani apite tena juu ya kiwanja kile kile.