Somo la 31: Mwiba uliobaki

Mwalimu mmoja alikaa kilometa 12 mbali na shule yake. Kila siku alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akapanda baiskeli yake, ile ambayo kwetu watu wanaiita kinga, akafika mbele ya kengele ya saa moja na nusu. Siku ya mtihani alibeba karatasi zote katika mfuko wake. Alipokwisha kuvuka mto, akasikia: psss! Gurudumu la nyuma limetobolewa.

Mwalimu hakuogopa. Alikuwa na kiraka kimoja na gundi. Akafungua mpira, akabandika kiraka vizuri, akatia upepo, akaondoka. Lakini hakufika hata kwenye kilima cha kwanza. Psss! Gurudumu lile lile, mahali pale pale. Viraka vimekwisha. Mwalimu akasukuma baiskeli kwa miguu, akafika shuleni saa tatu. Watoto walikuwa wangali wanangoja chini ya mwembe, kalamu mkononi.

Alikosa wapi? Kiraka chake kilikuwa kizuri. Lakini mwiba ulibaki ndani ya mpira wa nje, nao ukatoboa mara ya pili. Basi, watoto, tujifunze kazi hii tangu mwanzo mpaka mwisho.

1. Vitu vya kubeba
Chukua pompi, gundi ya mpira, kipande cha msasa, na viraka: si kimoja, bali vitatu au vine. Chukua pia vijiko viwili vyenye mikono migumu, maana ndivyo vitakavyofungua mpira wa nje. Usitumie kisu wala bisibisi yenye makali, usije ukatoboa tundu jingine.

2. Kutafuta tundu
Kwanza tazama vali. Tia mate juu yake. Mate yakitoa povu, upepo unatoka kwenye vali, wala hakuna haja ya kufungua mpira. Vali za baiskeli nyingi zina kimpira chembamba ndani. Kikichakaa, weka kipya.

Kama vali ni nzima, fungua upande mmoja wa mpira wa nje, utoe mpira wa ndani, uutie upepo. Kisha uuzamishe katika maji, kipande kwa kipande. Mahali penye povu ndipo penye tundu. Huna maji? Pitisha mpira karibu na midomo yako: ngozi ya midomo inasikia hata upepo mdogo. Tia alama mahali pale.

Tazama tundu lenyewe, maana lina habari ya kukuambia. Tundu moja upande wa nje ni kazi ya mwiba, msumari au kipande cha chupa. Tundu upande wa ndani ni kazi ya njiti ya gurudumu iliyotokeza. Matundu mawili yaliyo karibu karibu, kama meno ya nyoka, si mwiba: mpira ulikuwa na upepo kidogo, ukagonga jiwe, chuma cha gurudumu kikauma mpira.

3. Kubandika kiraka
Toa upepo, kausha mpira kabisa. Sugua mahali pa tundu kwa msasa, kupita ukubwa wa kiraka, kisha pangusa vumbi. Kama kiraka umekikata katika mpira wa zamani, sugua nacho vile vile. Paka gundi nyembamba. Sasa ngoja.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Wanabandika mara moja, gundi ingali majimaji. Gundi ile ni mpira uliolainishwa katika dawa inayokauka upesi kama petroli. Ukifunika dawa ile chini ya kiraka, haina njia ya kutoka, na kiraka kitabanduka. Basi ngoja dakika 5, mpaka gundi ising'ae tena. Halafu weka kiraka, ukikaze kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Pakaa vumbi la chaki au majivu laini, ili gundi ya pembeni isishikamane na mpira wa nje.

4. Kutafuta mwiba
Sasa usifanye haraka! Shika mpira wa ndani juu ya gurudumu, vali mbele ya tundu lake. Mahali palipo kiraka patakuonyesha mahali pa kutafuta mwiba. Kisha pitisha vidole polepole ndani ya mpira wa nje, mzunguko wote, maana miiba inaweza kuwa miwili. Ukiona mwiba, uusukume kutoka ndani kwenda nje. Baadaye tu ndipo urudishe mpira, ukitumia mikono.

5. Kama huna kiraka
Kata majani makavu, uyajaze ndani ya mpira wa nje kwa nguvu mpaka uwe mgumu. Endesha polepole. Utafika umechoka, lakini utafika. Mwalimu wetu angalifanya hivyo, angalipunguza safari yake ya miguu.

6. Habari ya zamani
Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast katika Ireland, aliandikisha mpira wake wenye upepo. Mipira ya kwanza ilibandikwa juu ya gurudumu kwa gundi, na kuitengeneza njiani kulikuwa taabu. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walileta mpira unaofunguliwa na kurudishwa.

Magurudumu ya Ulaya yakataka mpira mwingi. Sehemu yake ilitoka katika misitu yetu ya Kongo. Wakati wa mfalme Leopold II watu walilazimishwa kuutafuta. Wengi waliteswa, wengi walikufa. Mwaka 1908 nchi ilitolewa mkononi mwake, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mababu zetu walilipa bei kubwa kwa ajili ya mpira. Basi usitupe mpira wa ndani uliochakaa: ukate, utapata viraka vingi.

Na mwalimu yule? Toka siku ile harudishi mpira kabla vidole vyake havijazunguka gurudumu lote.

Maulizo
1. Kwa nini mpira wa mwalimu ulitobolewa mara ya pili?
2. Matundu mawili karibu karibu yanatuambia nini?
3. Kwa nini tunangoja gundi ikauke?
4. Utatafutaje tundu pasipo maji?
5. Kazi ya nyumbani: kata viraka vitatu katika mpira wa zamani, uvilete darasani kesho.