SOMO LA MWEZI: Kilichomo ndani ya sanduku la chokoleti



Mwezi huu tujifunze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukiona tu madukani mjini: sanduku la chokoleti za mchanganyiko zilizotengenezwa kwa mkono. Tukilifungua tutakuta kila kipande kina chake ndani. Hiki kina makadamia, hiki njugu karanga, kile nazi, kingine asali au kahawa. Sasa tuangalie vizuri: hivyo vyote hutoka katika mashamba ya Kenya. Kakao ndiyo hatuna.

Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana. Karibu nasi hulimwa Bundibugyo kule Uganda, na Kyela kule Tanzania. Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu pamoja na ute wake, huzifunika zichachuke siku tano hadi saba, kisha huzianika. Zisipochachuka, ladha ya chokoleti haipatikani.

Fundi wa duka dogo kwa kawaida hununua chokoleti iliyokwisha kusagwa. Kazi yake ni kuiyeyusha na kuipoza kwa kipimo. Ile nyeusi huipasha mpaka nyuzi 45 au zaidi, huipoza hadi karibu 28, halafu huipandisha tena hadi 31 au 32. Akiharakisha, itaganda na madoa meupe. Na tone la maji likiingia humo, chokoleti hukaza na kuwa chembechembe kama uji ulioharibika. Kwa hiyo fundi anaogopa unyevu kuliko kitu kingine chochote, na atamtafuta mtu wa kumletea vitu vikavu. Hapo ndipo kikundi kinaweza kuingia.

Tuanze na makadamia. Wenzetu wa Murang'a, Embu na Meru wanawajua mabroka wanaokuja mapema, wakitaka zichumwe kabla hazijakomaa. Zilizo changa hazina mafuta ya kutosha. Jaribio ni rahisi: pasueni chache zilizokauka, mtie viini kwenye maji safi. Kilichokomaa huelea kwa sababu ya mafuta yake, na kichanga huzama. (Hizo za jaribio mle wenyewe, msizirudishe kwenye mfuko!)

Njugu karanga zinataka uangalifu zaidi, maana hapa ni suala la uhai. Zikikaa na unyevu hupata ukungu, na ukungu fulani huleta sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu mia moja, wengi wao Makueni na Kitui. Basi tuanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Tuhifadhi kwenye magunia yaliyoinuliwa kutoka sakafuni. Tuchague kwa mkono, tukitoa zilizokunjamana, zilizovunjika na zenye rangi isiyo ya kawaida.

Lakini zile mbovu huenda wapi? Katika nyumba nyingi nzuri huuzwa, na mbovu husagwa kwa mboga ya watoto. Hilo likome. Hata kuku wasipewe.

Kuhusu bei, msipatane na mwenye duka kwa kukisia. Pimeni kilo moja ya makadamia yenye maganda, mpasue, mpime tena viini peke yake. Mtashangaa jinsi kinachobaki kilivyo kidogo. Ongezeni saa za akina mama waliopasua na kuchagua, nauli na mifuko. Bei ianzie hapo.

Maswali ya kujadili: Ni kitu gani hapa kwetu ambacho tunaweza kukausha vizuri mwaka mzima, si msimu mmoja tu? Katika kikundi chetu, ni nani anayekataa mzigo mbaya, hata kama ni wa mwenyekiti? Na zile mbovu tutazitupa wapi ili zisirudi jikoni?