Miti Inayopukutisha Majani: Miombo ya Kasulu na Kibondo

Somo letu la leo ni miti tunayoipita kila siku tukienda kutafuta kuni au kuchunga mbuzi.

Ukisafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo mwezi wa Agosti, utaona miti mingi imebaki matawi matupu. Mgeni atasema msitu umekufa. Haujafa. Huu ni msitu wa miombo, na tabia yake ni kupukutisha majani wakati wa kiangazi. Sababu ni maji. Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo mno vilivyo kwenye ngozi yake, na huku kwetu mvua hukatika Mei, hairudi vizuri mpaka Oktoba au Novemba. Basi mti huyaachia majani yake na kutunza akiba katika shina na mizizi.

Ulaya nako iko misitu inayopukutisha majani, lakini kule kinachoyaangusha ni baridi na siku kuwa fupi, na majani mapya hungoja joto. Miombo yetu haingoji mvua! Kati ya Agosti na Oktoba, ardhi ingali kavu, machipukizi hutoka mekundu kama shaba, kisha hugeuka kijani. Mti hutumia akiba yake, na mizizi mirefu huvuta maji ya chini sana.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika bonde la Kongo, mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Miti imefungamana, chini ni giza, nyasi hazioti. Serengeti ni kinyume chake: nyasi zimetawala, migunga imetawanyika. Hata Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, mabondeni kando ya vijito kuna msitu wa kijani daima, na juu kwenye miteremko kuna miombo.

Miombo iko katikati. Miti ni mingi, lakini jua hufika chini na nyasi huota. Nyasi hizo ndizo zinazoleta moto, na hapa tunaomba wazazi watusikilize. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi zina unyevu, hauwi mkali. Moto wa Septemba hukuta nyasi zimekauka kabisa na machipukizi yametoka. Huunguza miche, pamoja na majani ambayo mti umeyatolea akiba yake. Kisiki cha myombo kilichokatwa huchipua tena, ila machipukizi yakiungua kila mwaka hayakui yakawa mti. Maua nayo hufuata majani hayo mapya, na nyuki wetu huyategemea kwa asali.

Bahati mbaya Septemba ndio mwezi wa kusafisha mashamba. Mkulima anayelazimika kuchoma mabaki, kwanza akwatue ukanda mpana kuzunguka shamba lote, achome jioni upepo umetulia, wala asiondoke mpaka moto uzimike kabisa.