Akituhumiwa Mtu wa Dini, Yatupasa Nini?

Amma baad. Katika darasa letu la baada ya Magharibi, kijana mmoja alituuliza suala, nasi tukaona jawabu lake lisiishie msikitini, liandikwe ili walisome na wale ambao hawakuhudhuria. Aliuliza: mtu wa dini, awe ni padri, au imamu, au mwalimu wa chuo, akituhumiwa jambo kubwa la jinai na aibu, sisi watu wa kawaida tusimame upande gani? Kabla hatujafungua kinywa, waliohudhuria walikuwa wamekwisha gawanyika. Mmoja alisema, "Mtu wa Mungu hafanyi hayo." Mwengine akasema, "Wote hao ndivyo walivyo." Maneno haya mawili yana sura mbali mbali, lakini asili yao ni moja: kila mmoja amekwisha hukumu, na hapana hata mmoja aliyesikia ushahidi.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametupa khabari ya Juraij, mja mwenye kuabudu katika Bani Israili, aliyejijengea kijumba chake cha ibada. Mwanamke mmoja alizaa mtoto wa haramu akasema, huyu ni wa Juraij. Watu wakamwendea mbio, wakamteremsha, wakamvunjia kijumba chake na kumpiga. Baada ya hayo yote ndipo yeye alipouliza, mna nini? Basi tazameni, ndugu zetu: nyumba imekwisha vunjwa, na mwenyewe hajaambiwa kosa lake! Akaomba aletewe yule mtoto mchanga, akasali, akamuuliza baba yake ni nani, na mtoto kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu akamtaja mchunga fulani. Hapo watu walewale wakaanza kumbusu, wakataka kumjengea nyumba ya dhahabu. Juraij akakataa, akataka irejeshwe ya udongo kama ilivyokuwa.

Wengi hueleza hadithi hii kwa ajili ya haki ya mama, kwani yote yalitokana na kutomwitikia mama yake aliyemwita naye yu katika sala. Ni kweli. Lakini ndani yake mna faida nyingine: mkono uliobomoa na mkono uliotaka kujenga kwa dhahabu ni mkono mmoja. Watu hawa hawakuwa na mizani walipokasirika, wala hawakuwa nayo walipofurahi. Juraij hakudai zaidi ya haki yake, na haki yake ilikuwa udongo.

Huo ni upande mmoja, na lau tungekomea hapo tungewafurahisha wenye vilemba peke yao. Upande wa pili umo katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wametaja ya kuwa mtu mmoja katika Ansari, wa jamaa ya Ibn Ubayriq, aliiba deraya, kisha wizi ule ukatupiwa Myahudi asiyekuwa na kosa. Jamaa zake wakaja kwa Mtume kumtetea ndugu yao, kwa kuwa ni wao na ni Mwislamu. Zikateremka aya za kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wenye khiyana, na kumwonya mwenye kufanya dhambi akamtupia asiyehusika. Basi Qurani imemtakasa Myahudi na kumfedhehi mwenye kudai Uislamu. Baada ya hayo, nani kati yetu atasema kuwa kumficha mkosaji ni kuilinda dini?

Sasa tutoe mfano wa zama zetu. Twauchagua wa mbali, usiokuwa wa watu wetu wala wa dini yetu, ili tuutazame pasina hawaa ya nafsi. Huko Australia alikuwako George Pell, askofu mkuu wa Katoliki wa Melbourne tangu mwaka 1996, kisha wa Sydney, akafanywa kadinali mwaka 2003. Mwezi wa Juni 2017 alishitakiwa, na mashtaka yaliyosikizwa yalikuwa ya kuwadhulumu kwa uchafu watoto wawili wa kwaya katika kanisa kuu la Melbourne miaka ya 1990. Mara ya kwanza watu 12 walioteuliwa kuamua hawakuafikiana. Mara ya pili, Disemba 2018, walimtia hatiani, na Machi 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Majaji watatu wa rufaa waliithibitisha hukumu, wawili wakikubali na mmoja akikataa. Kisha tarehe 7 Aprili 2020 majaji wote 7 wa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile waliifuta, naye akatoka baada ya kukaa gerezani zaidi ya siku 400.

Watazameni watu sasa. Alipotiwa hatiani walimzomea nje ya mahakama na kumtakia moto. Alipoachiwa, milango ya kanisa kuu la Melbourne ilipakwa rangi ya maneno ya laana. Na waliompenda wakashangilia, wengine wakamwita yule mlalamishi mwongo. Hata alipokufa Januari 2023, siku ya maziko yake mjini Sydney waliomlilia walikuwa ndani, na waliompinga walikuwa nje wakipaza sauti.

Lakini majaji hawakumwita mlalamishi mwongo. Walilosema ni kuwa, hata kama waamuzi waliyasadiki maneno yake, ushahidi mwengine uliotolewa ulipasa uwatie shaka, na penye shaka hapana hukumu. Kanuni hii wanafunzi wetu wa fiqhi waijua, kwani adhabu huondoshwa kwa shubuha. Wala majaji hawakulitakasa kanisa. Tume ya serikali iliyofanya kazi tangu 2013 hata 2017 ilikuta kuwa katika miaka ya 1950 hata 2010, kiasi cha makasisi 7 katika kila 100 wa Katoliki nchini humo walituhumiwa kudhulumu watoto, na kwamba wakubwa walikuwa wakiwahamisha wakosaji toka mtaa hata mtaa. Sehemu ya ripoti iliyotolewa Mei 2020 ilisema Pell mwenyewe alijua tangu 1973 kuwa mambo hayo yapo; naye akajibu kuwa neno hilo halina ushahidi.

Hapa pana masuala matatu. Je, mtu huyu alifanya kitendo hiki? Je, wakubwa wake waliwaficha wakosaji? Je, waliodhulumiwa wasikizwa? Watu waliyachanganya yote matatu. Aliyekasirika na kanisa alimfunga mtu mmoja moyoni mwake kabla ya kesi, na aliyempenda mtu mmoja aliliosha kanisa zima kwa hukumu yake. Mizani ni kulipa kila suala jawabu lake.

Tusiwacheke watu wa mbali. Tulipokuwa vijana wa darasa, katika mji mmoja wa pwani yetu mwalimu alishitakiwa na mzazi kwa wazee. Wazee wakakutana usiku, wakasoma Fatiha, na mwalimu akapewa nauli ahamie mji mwengine. Hatukujua, na hata leo hatujui, kama alikuwa mkosaji au mzuliwa. Lakini kama alizuliwa, aliondoka na doa lisilofutika. Na kama alikosa, wazazi wa mji ule wa pili walipewa mwalimu pamoja na dua, na khabari hawakupewa. Sisi tulikuwa katika walioitikia amin, na jambo hili lingali latukera.

Basi jawabu letu kwa yule kijana ni mambo manne.

Kwanza, mwenye kulalamika asikizwe, khasa mtoto. Katika hadithi ya Wail bin Hujr, mwanamke aliyeshambuliwa njiani akienda kusali alimtaja mtu, akashikwa, kisha ikadhihiri kuwa mkosaji ni mwengine. Mtume (S.A.W.) hakumwadhibu yule mwanamke kwa kukosea kwake, alimwambia maneno ya msamaha, na yule aliyeshikwa bure akamwambia maneno mema. Wote wawili walipata haki zao.

Pili, jambo lipelekwe kwa wenye mamlaka nalo. Baraza la wazee haliwezi kulimaliza, wala ofisi ya Kadhi, kwani Katiba ya Kenya ya 2010 imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali za watu, haikumpa jinai. Na sheria ya makosa ya kijinsia ya mwaka 2006 haikuwaachia jamaa wala wazee uamuzi wa kuisimamisha kesi. Suluhu ya usiku haina nguvu mbele ya sheria, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni dhulma kwa asiyekuwapo.

Tatu, maadamu uchunguzi haujesha, mtuhumiwa awekwe kando na watoto, bila ya kutukanwa na bila ya kukatiwa riziki ya watoto wake. Atakayesema kuwa kumweka kando ni kumhukumu, na akumbuke Sayyidna Umar. Watu wa Kufa walipomshitaki Saad bin Abi Waqqas, Umar alimwondosha katika uamiri, akatuma watu wa kuuliza khabari zake msikiti kwa msikiti. Na alipokuwa karibu ya kufa, Umar alimtaja Saad miongoni mwa sita wanaofaa ukhalifa, akabainisha kuwa hakumwondosha kwa udhaifu wala khiyana. Kuondoshwa kwake kulikuwa hadhari, na heshima yake ilibaki.

Nne, ndimi zizuiwe. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuhakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Neno la barazani huruka, na leo kwa simu mkononi hufika Lamu hata Vanga kabla ya kikombe cha kahawa kupoa. Akithibitishiwa, tusimtetee kwa ajili ya kilemba chake. Akitakasika, tumrejeshee nyumba yake ya udongo kama ilivyokuwa, na tumtake radhi.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenye kusomesha. Juraij aliokolewa na ulimi wa mtoto mchanga, na huo ulikuwa muujiza. Leo hatuna haja ya muujiza, kwani watoto wetu wana ndimi na wanasema. Mwalimu mwema hana la kuogopa katika mtoto kusikizwa. Khofu yake na iwe ni mji ambao watoto wamefundishwa kunyamaza, kwa kuwa katika mji huo hata yeye hatapata wa kumshuhudilia.

Wa billahi tawfiq.