Robo ya mdomoni, robo ya kwenye rula

Mpwa wangu yuko darasa la nne hapa Mikindani. Mtume dukani robo ya sukari na nusu ya mchele, hakosei. Lakini msimu uliopita wa korosho nilimpa rula apime korosho moja yenye ganda lake, akanijibu, "Mjomba, ni inchi moja na nne." Nne ya nini? Akanyamaza.

Mimi ni seremala, inchi nazishika kutwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumweleza kwa maneno matupu: vistari vyote kwenye rula vilikuwa vidogo mno, na kwake vilifanana. Siku ya pili nikaamua tutengeneze inchi kubwa.

Chukua ukanda wa karatasi wenye urefu wa shibiri moja hivi. Mwambie mtoto huo wote ni inchi moja. Aukunje katikati, aufungue, achore mstari mrefu kwenye kunjo: nusu. Arudishe kunjo hilo, akunje tena, aufungue. Penye makunjo mapya achore mistari mifupi kidogo: robo. Mara ya tatu anapata thumuni, sehemu ya nane. (Wazee walioita senti 50 sumni walikuwa wanalitaja neno hilohilo.) Mara ya nne sehemu zinakuwa 16 na vistari vyake ndivyo vifupi kuliko vyote. Kunjo la mwisho ni gumu kwa vidole vya mtoto. Mwache ahangaike nalo, usimkunjie.

Kisha weka ukanda kando ya rula. Mpwa wangu alitazama huku, akatazama kule, akaweka ukucha kwenye mstari mrefu ulio katikati ya 1 na 2. "Hii ndiyo nusu!" Mistari mirefu na mifupi haikuwa pambo tena.

Hapo msisitizie jambo moja: tunahesabu nafasi, hatuhesabu vistari. Mvuvi wa Msimbati akikuambia wavu wa inchi 3 anazungumzia jicho, hazungumzii fundo. Na kipimo kianzie kwenye sifuri, maana rula nyingi za plastiki zina kipande kitupu kabla yake. Kama ncha imelika, aanzie kwenye 1, halafu atoe 1 mwishoni.

Tukairudia korosho: nafasi 4 kati ya 16, yaani robo. Inchi moja na robo. Tukageuza upande wa sentimita, ambako kila moja imegawanywa sehemu kumi, si kwa kukatwa nusu nusu. Tukapata 3 na karibu sehemu mbili za kumi. Usiharakishe kumpeleka upande huu kabla ule wa kwanza haujamkaa.

Neno lililonisaidia kuliko yote ni kasorobo. Mtoto anayejua saa tatu kasorobo tayari anajua kwamba mbili na robo tatu ni tatu kasorobo, kwenye rula kama kwenye saa.

Wiki iliyofuata alikuja karakana, akaokota kipande cha mbao nilichokwisha kukipiga randa, akapima unene wake, akapima tena.

"Mjomba, mbona hii unaiita mbili kwa nne? Hii ni mbili kasorobo."

Nikampa randa aishike, nikamwonyesha maranda yaliyojaa sakafuni.